Safu ya Maoni

Saa nane mchana, Tudor, ghorofa ya pili,
mapazia meusi yameteremshwa, taa nyekundu inawaka,
kwa kuwa panya ni watu wa usiku
na sisi tumewahamishia usiku wao mchana
tupate kurudi makwetu kabla ya magharibi.

Kazi yangu ni kichwa.
Si ubongo, huo ni wa Daktari Mwachofi.
Mimi nahesabu kichwa kinapotikisika:
mtikiso mmoja wa kasi, kulia kushoto,
kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni.
Kujikuna hakuhesabiwi. Chafya haihesabiwi.
Mtikiso tu, nusu saa, kidole gumba juu ya kihesabio,
tak, tak,
na Nyale akininong'onezea dakika.

Mabomba ya sindano yana herufi, hayana majina.
Siri ya herufi imo ndani ya bahasha,
bahasha imo kabatini, kabati lina kufuli,
ili macho yangu yasione yanachokitaka.

Marehemu baba alikuwa karani Kilindini.
Alisimama mlangoni mwa ghala, kalamu ya risasi sikioni,
akihesabu magunia migongoni mwa makuli:
vijiti vinne wima, cha tano kimelazwa juu yao.
Nilimuuliza, nikiwa mdogo, "Mna nini mle ndani?"
Akasema, "Mna mia tatu na arobaini."

Sasa namwelewa.
Namba kumi na moja ametikisa mara ishirini na tisa.
Mna nini mle ndani?
Mna ishirini na tisa.

Kisha namba tisa.
Gramu mia mbili sitini na mbili, sikio la kushoto lina pengo.
Hakutikisa. Hakuzunguka sanduku
wala hakuvuka mistari niliyoichora sakafuni.
Alisimama kwa miguu ya nyuma, pembeni,
akaweka viganja ukutani
akatazama juu, mahali pasipo na kitu,
sekunde arobaini na nane
(Nyale alisahau kunong'ona),
ametulia tuli
kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe.

Fomu haina mahali pa jambo hilo.
Kuna safu ya maoni, nyembamba kama utepe,
nikaandika: alitazama.

Daktari akalikata neno kwa wino mwekundu. Si kwa ukali;
ni mtu mpole, hupiga hodi hata kwenye vizimba.
"Mwanasiti, panya hatazami.
Panya ameelekeza pua juu, sekunde arobaini na nane.
Kutazama ni kwako wewe."

Alhamisi bahasha ikafunguliwa.
Kumi na moja: dawa, dozi ya juu.
Waliotikisa sana ndio waliopewa nyingi,
mstari wa grafu ukapanda bila haya,
na Daktari akaagiza mahamri na mbaazi kwa wote.

Tisa: maji ya chumvi.

Maji ya chumvi tu,
ndugu ya haya yaliyokizunguka kisiwa chetu
na ambayo hakuna aliyewahi kuyafungia kabatini.

Nyale alicheka hadi akakaa chini.
Mimi nilingoja watoke, nikapiga magoti kando ya sanduku,
nikainua pua kwenye pembe ile ile.
Rangi iliyobanduka. Kichwa cha msumari.
Sekunde kumi. Ishirini.
Nje, nyuma ya pazia, mtu alikuwa anakaanga viazi karai.
Hapakuwa na kingine, au mimi sina masharubu.

Siku moja gunia lilipasuka miguuni pa baba.
Hakuinama. Aliandika moja, akaendelea.
Ila usiku ule, mama alipokung'uta suruali yake,
mikunjo ya miguuni ilidondosha punje tatu za buni,
na baba, aliyehesabu kila kitu,
hakusema ni ngapi.