Faharasa

Nimeletewa kurasa mia sita na kumi na mbili
zimefungwa kwa uzi wa katani,
na barua ya Profesa Abercrombie: Bi Rankine,
faharasa iwe tayari kabla ya Krismasi.
Malipo shilingi thelathini. Makaa juu yako.

Glasgow, Novemba. Mvua ya masizi dirishani.
Chini, Mtaa wa Jamaica na farasi wake wenye matope;
nimeishi hapa miaka kumi na tisa,
muwa sijauona hata mmoja.

Nakata vikaratasi, napanga kwa alfabeti.
Akiba: sura ya kwanza yote.
Bidii: kurasa arobaini.
Hali ya hewa: baridi huamsha akili
(nikapuliza vidole, nikaisubiri).
Mvuke. Sheria. Uhuru wa kumiliki.

Kurasa tisini anabishana na Mfaransa:
kilichotutajirisha ni nini,
udongo, au tabia ya mtu wa kaskazini?
Wameshikana mashati juu ya karamu,
na aliyepika hakuitwa hata shahidi.

Lakini kazi yangu ni kulifuata neno hadi linapojificha.
Sukari: 88, 214, 301.
Tazama Biashara.
Biashara: tazama Meli.
Meli: tazama Bima.
Bima, 419, na chini kabisa,
katika tanbihi yenye herufi kama sisimizi:
"hasara baharini, vichwa arobaini na saba."

Vichwa vya nini, Profesa?
Kondoo umewataja kwa aina zao.
Hata turnipu ina aya yake.

Mama alichemsha sukari kiwandani Greenock
mpaka kifua kikamlia kama mlango mbovu.
Nyumbani alikoroga chai kwa kijiko kitupu,
akasema: mlio tu unatosha.
Naye simwoni humu. Nimetafuta chini ya Bidii.

Usiku wa manane nikachukua kikaratasi kipya:
*Watu, walioitwa vichwa: 419, tanbihi.*
*Tazama pia Akiba.*
Kisha nikarudi mwanzo, kwenye A,
nikaongeza kwa wino uleule:
*Tazama pia Watu.*

Hataona. Mwandishi haisomi faharasa yake;
huhesabu tu jina lake limetajwa mara ngapi.
Huisoma anayetafuta kitu.

Makaa yamekwisha. Herufi ya mwisho
nimeiandika na glavu mkononi.
Shilingi thelathini:
Mama, mtu wa kanisa,
angeitambua hesabu hiyo.