Kufua Ukungu

Nimeupata mkanda ule kwa bando la usiku,
Uyole, chumba cha kupanga, blanketi mabegani,
soksi mbilimbili, na laptopu ya kuazima
inayohema moto kama paka mgonjwa.

Miaka kumi na sita. Jina lake sikuwahi kulijua;
nimeutafuta kwa maneno niliyonayo:
katuni, msichana, anafua ukungu.
Na kweli ndiye huyu, na beseni lake,
macho kama visosa vya chai,
anasugua mawingu juu ya jiwe
katika ngome ya bibi kizee mwenye kucha za shaba.

Lakini mbona anaongea Kizungu?

Sisi Tukuyu tulimjua kwa jina la Tusekile.
Alikuwa wa kwetu kabisa, wa njia ya Kiwira,
alipiga magoti akisalimu, akipewa chakula alisema ndaga,
na bibi kizee alimdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.
Hayo yote yalitoka kinywani mwa Ambokile,
aliyekaa juu ya kreti la soda kando ya tivii
na kipaza sauti kilichofungwa kwa plasta,
akitafsiri.
Kiingilio shilingi hamsini, au ndizi tatu mbivu
kama mwenye banda hayupo.
Mvua ya kule haibishi hodi. Ikishika bati
Ambokile alipaza, nasi tukasogea,
magoti yananuka tope na moshi,
hadi nikajua pumzi yake inapoingia kabla ya neno.

Usiku huu hakuna wa kunisogeza.
Naona nisiyoyaona.
Bibi kizee anakohoa. Mara tatu, ametupa mgongo.
Vidole vyake vimepasuka kama vya mama
msimu wa kuchuma chai.
Huo ukungu anaufulishia nini? Filamu haisemi.
Na kuna dakika nzima, kimya,
msichana anatazama tu maji ndani ya beseni.
Dakika hiyo Ambokile aliijaza bei ya mbolea,
salamu kwa fundi Gwamaka,
na onyo kwa aliyeiba kandambili za Subilaga.
Nimecheka peke yangu, kwa sauti,
jirani akagonga ukuta.

Mwisho hatukuwahi kuuona.
Kila Jumamosi, ngome ikianza kutikisika,
umeme ulikwenda zake.
Ambokile akawasha kibatari, akaweka chini kipaza sauti,
akamalizia kwa mdomo mtupu:
Tusekile akaukunja ukungu kama kanga,
akajitwika, akashuka nao mpaka Kyela
ambako joto linawatoa watu vipele,
akauuza kwa pima. Pima moja, mbuzi mmoja.
Mbuzi saba, akampelekea mama yake.
Tulirudi nyumbani gizani tukiwahesabu,
tukibishana yupi ana mimba.

Basi leo nimengoja mbuzi.
Amekuja mwana wa mfalme juu ya farasi.
Busu. Ukungu ukatoweka wenyewe, bure,
hakuna aliyeupima. Maua, vinanda,
kisha majina madogo meupe
yakipanda, yakipanda, kwenye weusi.

Kulipokucha nikampigia Ambokile.
Siku hizi anauza makava ya simu karibu na stendi.
Nikamwambia habari ya farasi.
Kimya; nikasikia mvua kwenye bati lake.
“Mimi Kizungu sikukijua, mdogo wangu.
Nilikuwa naangalia midomo.”
Halafu, kwa sauti ile ya kibatari:
“Na mbuzi?”

Hawamo, nikasema.

Akaguna. “Basi wamekukatia.
Nakala yetu ndiyo ilikuwa kamili.”

Nilitaka kumuuliza na bibi kizee aliishia wapi;
salio likakatika.