Hodi ya Seva

Nový Bor, saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Theluji imelala juu ya paa la kiwanda,
na chini yake tanuri mbili hazijalala tangu Septemba.
Bwana Hruška amenipigia simu mara nne:
"Bohdana, mchoro wa kalibu haujafika Liberec.
Kioo hakimsubiri mtu."

Najua.
Ila seva yangu, hapa chini ya ngazi, jirani na ndoo za mchanga,
inabisha hodi tangu jana jioni,
si mara tatu kama mstaarabu,
bali mara elfu tatu mia mbili na saba, kumbukumbu zimehesabu,
na kila mara bawabu wa wingu anajibu neno lile lile:
Huruhusiwi.
Hasemi kwa nini. Bawabu hodari hasemi kwa nini.

Nimebadilisha nywila. Nimebadilisha waya.
Nimezima, nimewasha, nimesali kidogo
(sisi wa kazi hii tunasali, msimwambie mtu).
Saa, cheti, lango namba 443: vizima vyote.
Na usiku wa manane, nyumbani, kwa kompyuta ya mapajani,
wingu lilinifungukia bila kinyongo,
michoro ya miaka kumi na miwili, safu kwa safu.
Kwangu ndiyo. Kwa kiwanda hapana.

Hapo nikaketi kitako.

Jana alasiri, kwa hofu ya wezi waliomwingilia jirani,
wakayafunga mafaili yake na kudai fidia,
niliujenga ukuta huu kwa mkono wangu,
nikiwa kitandani, homa imenishika,
nikaandika orodha ya wanaopita.
Mstari mmoja tu. Anwani niliyoiona mbele yangu:
ya nyumbani.

Namba nne, nukta tatu katikati. Hifadhi.
Dakika moja. Mbili.
Ukuta una masikio, lakini mazito.

Kisha mstari wa kijani, mwembamba
kama uzi wa kioo unapovutwa kutoka tanurini,
na faili la kwanza likapita,
na la pili, na mengine yakisukumana.

"Umefika," alisema Hruška. "Ilikuwa nini?"
"Ukuta wa moto."
Akanyamaza. Miaka arobaini amesimama mbele ya moto.
"Wangu," akasema, "haujawahi kumfungia nje mwenye nyumba."

Sikumjibu. Nilikuwa nataka kuifuta anwani ya kwangu.
Nikasita.
Nikaiacha.