Mkono wa Kumi na Mbili

Kiapo huliwa.
Changu nilikila Jumanne moja ya Februari
katika mahakama ya Columbia, South Carolina,
mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika koti lililolowa.
Baraza kuu la juri, watu kumi na wanane
waliookotwa kila pembe ya jimbo: muuza matairi, mkunga,
mwalimu mstaafu wa hesabu,
na mimi, Verdell Gantt, fundi wa mabasi ya shule.
Tulikila pamoja. Hakikushibisha.

Jaji Haltiwanger alisema polepole,
kama anayemsomea mgonjwa dawa zake:
"Ya humu yabaki humu.
Sitakaa nanyi, ila chumba hiki kiko chini yangu.
Shahidi akikataa kunena, ataletwa kwangu.
Sheria ikiwatatiza, bisheni.
Na hati mtakayotoa, ya kushtaki au ya kuacha,
itapitia kwangu kwanza."
Akatoka. Alikohoa mara moja huko koridoni,
tukajua yupo.

Mwendesha mashtaka, Bi Thaxton, alileta masanduku tisa:
fedha za mabomba ya maji ya kaunti ya Tarrow,
mabomba ambayo hayajafukiwa popote.
Akaweka mezani chupa ya maji ya mjane fulani,
rangi ya chai ya jana.
Hakuna aliyeigusa. Ilikaa nasi miezi minne.

Kiti cha mshtakiwa hakikuwepo. Wala wakili wake,
wala mtu wa kusema "ngojeni kidogo."
Ndiyo desturi ya chumba kile: upande mmoja hunena,
nasi tunasikiliza.
Asiyekuwapo na lake halipo.
Methali hiyo ilinikaa kooni mchana kutwa.

Lakini mimi, dereva akiniambia breki, hutazama tairi.
Nikauliza, "Hundi zina sahihi mbili. Ya pili ni ya nani?"
Vidole vya mwandishi wa kumbukumbu vilisita.
Bi Thaxton alinitazama
kama mtu aliyekuta ngazi moja zaidi gizani.
Mwezi uliofuata jaji alitia muhuri hati ya wito,
masanduku yakawa kumi.

Ilikuwa ya karani, Kezia Lybrand, miaka ishirini na mitatu.
Alitia sahihi hundi tupu, kitabu kizima, kila Ijumaa,
kwa kuwa mweka hazina Oxner alimwambia
ndivyo inavyofanyika.

Siku ya kura Bi Thaxton alitoka, mwandishi akatoka,
mlango ukafungwa. Tukabaki na chupa.
Hatukuulizwa nani ana hatia;
hilo ni la juri nyingine, mchana kweupe, mbele ya watu.
Tuliulizwa tu: ipo sababu ya kumwita mtu huyu ajibu?

Oxner: mikono yote, kabla mwenyekiti hajamaliza jina.
Lybrand: kumi na mmoja.
Sheria inataka kumi na mbili.

Mkunga alinigeukia. Wangu ulikuwa mezani,
grisi ya miaka thelathini chini ya kucha,
mzito kama jeki.
Sababu ilikuwepo, sitajidanganya.
Kwa kipimo tulichopewa, ilikuwepo.
Sikuuinua.

Mwenyekiti aliandika neno lake kwenye hati ya kwanza
na neno jingine kwenye ya pili,
akatia sahihi, tukazipeleka kwa jaji.
Alisoma. Hakusema mmefanya vyema, hakusema mmekosea.
Aliuliza tu kama kura zilihesabiwa sawasawa.
Zilihesabiwa.
Oxner alikamatwa Alhamisi.

Nyumbani Earline aliniuliza, "Leo mlifanya nini huko?"
Nikasema, "Mvua."
Siku hizi haulizi.

Sura ya Kezia Lybrand sijawahi kuiona.
Naijua L yake tu,
mkia mrefu unaojikunja kama kamba ya ndoo.
Basi dukani, foleni ikisogea,
mwanamke kijana mbele yangu akiinama kutia sahihi,
nachungulia.