Anakaribia Matarajio

Kitabu cha mwongozo, ukurasa wa arobaini:
"Mwelekeze mwanafunzi asuke kitu
kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake."
Nikaandika ubaoni: KUSUKA.
Nikageuka. Gredi ya Tano, Matondoni,
wote wananitazama
kama mtu aliyeandika KUPUMUA.

Jumatatu madawati yalijaa miyaa,
mingine ingali mbichi, mingine imetiwa zambarau
iliyobaki kwenye sufuria ya kina Somoe,
na vidole vya Somoe navyo zambarau hadi kwenye kucha,
hadi kwenye daftari la hesabu.
Mwanakombo alichana chane kwa ukucha wa gumba
pasi kutazama, akimsimulia Zahara habari za harusi.
Lali aliukanyaga mwanzo wa ukili kwa kidole cha mguu,
akasuka akirudi nyuma, hadi mlangoni, hadi nje.
Twaha hakuwa na kitu.
"Mwalimu, punda amekula."
Nikafungua mdomo nikemee; darasa zima likashuhudia.
Punda wa kwao anajulikana.

Mimi ni wa Bungoma. Mkono wangu unajua chaki.
Nilisoma hatua ya kwanza, hatua ya pili,
hatua ya tatu ikanitoroka:
chane saba zikawa nane, kisha sita,
ukili ukapinda kama alama ya kuuliza.

Somoe akaja. Hakusema neno.
Akaufumua wote.
Hilo liliniuma, nakiri:
nusu saa yangu, imerudi kuwa majani.
Kisha akaweka vidole vyake juu ya vyangu.
Hii inapita juu, hii inakwenda chini,
usiivute, mwalimu. Iite.

"Iite" halimo kitabuni. Nililitafuta jioni.

Ijumaa nikatoa fomu za tathmini.
Kofia mbili, kipepeo cha jikoni,
kikapu kilichokosa kitako,
na Twaha, aliyesuka kifuko
cha kufunga mdomo wa punda.
Nikamwandikia: amezidisha matarajio.

Kengele. Wakatoka mbio,
shazia moja ikabaki imechomekwa kwenye kifutio.
Chini ya kipande changu cha ukili, urefu wa shibiri,
nilikuta karatasi iliyopigwa mistari kwa rula,
imejazwa kwa rangi ya zambarau:

JINA: Mwalimu Nafula.
UNADHIFU: bado.
USHIRIKIANO: anakubali kazi yake ifumuliwe.
KWA JUMLA: anakaribia matarajio.

Nimeibandika ndani ya kabati.
Jumatatu nitakuja na miyaa yangu mwenyewe,
nitazunguka njia ya nyuma,
mbali na kwa kina Twaha.