Chupa ya Mia Mbili na Kumi na Tatu

Mali bila daftari huisha bila habari,
alikuwa akisema Mfinanga, na daftari alikuwa nalo:
jalada jeusi, kingo zimeliwa na mvuke wa asidi,
mwandiko umelalia upande mmoja
kama migomba baada ya upepo.
Miaka ishirini na saba, maabara ya maji, Njoro, Moshi.
Kisha akastaafu, akarudi Usangi kufuga nyuki,
nami nikaachiwa funguo tatu na kompyuta moja.

Gadieli alikuja kutuwekea programu,
kijana wa Kiboriloni, mkono mmoja kwenye kipanya,
mwingine kwenye ndizi ya kuchoma.
"Nje na ndizi," nikamwambia. Akatoka, akamaliza, akanawa.
"Dada Haika, kila chupa ipate namba,
iwe na tarehe, iwe na nyumba yake."

Nikasoma, akaandika.
Asetoni, lita mbili na nusu.
Asidi ya naitriki, lita moja.
Kioo kikawa chekundu.

Mfinanga alipanga kwa alfabeti,
kabati limenyooka kama kwaya ya Jumapili:
asetoni, asidi, bega kwa bega,
miaka yote hiyo,
na jua la saa tisa likiwaangukia mgongoni.
Alfabeti haijui moto.
Tulizihamisha bila kusemeshana,
kama watu wanaobeba mtoto aliyelala.

Siku nne.
Fomalini iliyoisha muda wake kabla sijaolewa.
Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika,
ndani ya kopo la kahawa,
ikinitazama kwa jicho langu mwenyewe.
Siku ya pili umeme ukakatika.
Gadieli akashika kichwa, mimi nikashika daftari,
tukaendelea kwa kalamu mpaka taa zikarudi.
Sikusema kitu.
Nilitaka sana kusema.

Ya mia mbili na kumi na tatu ilikuwa chini ya sinki,
nyuma kabisa, kioo cha kahawia,
kizibo kimezungushiwa plasta ya hospitali.
Lebo imeliwa na mende, imebaki herufi moja:
M.
Methanoli? Maji? Mfinanga?

*Jina la kemikali*, programu ikauliza.
Nikaacha wazi. Ikakataa.
Nikaweka nukta. Ikakataa.

Nikampigia. Jogoo akawika upande wa pili.
"Ile? Ni maji, mwanangu.
Niliyakeneka mwenyewe,
baada ya Ndeambiliasia kurukiwa na magadi ya moto jichoni
na bomba limekauka.
Nikaapa maji hayatakosekana tena chumba kile.
Fungua tu, unuse."

Sikufungua.
Mtu huyuhuyu, mwaka wangu wa kwanza,
alinipiga kofi la mkono nikiinamia chupa:
pua si kipimo, binti.

"Upo?"
"Nipo."
"Umeandika maji?"

Nje mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi,
kama asiyetaka kuitwa shahidi.
Moyo wangu uliandika maji.
Kidole kikaandika HAIJULIKANI,
na fuvu na mifupa yake miwili vikajitokeza
juu ya kiapo cha mtu.

"Nimeandika," nikamwambia.
Akacheka, akanisalimia watoto.

Jumatatu itakwenda Arusha kupimwa.
Karatasi itarudi na muhuri, labda mwezi ujao, labda Krismasi.
Chini ya fomu kuna kisanduku cha maelezo
ambacho Gadieli anasema hakuna anayekisoma.
Nikaweka humo: *Kwa mujibu wa P. Mfinanga,
maji, kwa ajili ya macho.*
Programu ikauliza: *Hifadhi?*
Nikahifadhi.

Gadieli alipoondoka nilichukua chupa mpya,
nikaijaza kwenye mtambo, tone kwa tone, hadi jioni.
Lebo kwa herufi kubwa. Tarehe. Jina langu.
Namba mia mbili na kumi na nne.
Nikaiweka karibu na mlango, usawa wa kiuno,
mahali ambapo mtu asiyeona
anaweza kupapasa akaifikia.