Kigae Kwenye Beseni

Nilishuka Bombo na mkoba mzito:
vipande vya mvule kutoka Ndeeba,
vimepigwa msasa hadi vikawa laini kama sikio la mtoto,
mkeka wa mafunjo wa kufunika dari,
udongo wa Kajjansi uliochomwa, rangi ya ini,
na kadi yenye nyeupe kumi na saba,
kila moja na jina lake, kana kwamba nyeupe ni ukoo.

Nikavipanga mezani. Nikasema, Mama,
nyumba ipumue. Sakafu nyekundu tuiache,
tuing'arishe tu. Ukutani tupige lipu ya udongo,
isipakwe kitu, mkono wa fundi uonekane.
Na pale juu ya kochi tutundike kawa zako tano,
zile za zambarau na manjano.

Nilitamka neno "asili" mara nne.
Fundi Lutaaya, aliyekuwa akigonga ukuta
kwa kifundo cha kidole, alihesabu.

Mama Zamzam akainua kile kipande cha udongo,
akakinusa, akakirudisha.
"Huu nilizaliwa ndani yake.
Mvua ya usiku mmoja iliangusha ukuta
juu ya mbuzi wa watu, tukalipa.
Leo unaniuzia kwa laki ngapi?"

Sikujibu. Bei ilitia aibu.

Kisha akavuta gauni hadi magotini.
Sikuwahi kuyatazama magoti ya mama yangu.
Meusi, makavu, yana mng'ao,
mng'ao uleule ninaowasifia wateja wangu wa Kololo
nikiuita uzuri wa kitu kilichotumika.

"Nta ya kopo, kipande cha blanketi la kambini,
kila Ijumaa, miaka thelathini na minane,
kutoka mlango huu hadi ule, kinyumenyume.
Sakafu usiyoipiga deki hujui upana wake.
Mimi nataka ile inayofutwa mtu amesimama."

Alitaka vigae vyeupe vya kung'aa
hadi ukiinama unakiona kidevu chako.
Alitaka dari ya jipsamu yenye ngazi tatu
na taa za buluu zilizojificha,
pazia lenye kamba za dhahabu:
yote niliyofundishwa miaka minne kuyakunjia pua.
Nikafungua mdomo.
Fundi akakohoa.

Kilichofuata si busara yangu.
Lutaaya alileta beseni la maji ya sabuni,
akazamisha kigae kimoja chenye kung'aa
na kingine chenye chembechembe usoni, kama ganda la chungwa,
akavilaza uani kwenye jua.
"Mama, vua ndala. Kanyaga."

Akashika bega langu.
Cha kwanza kilimtoroka, unyayo ukalia nyii,
tukacheka sote watatu,
ila vidole vyake vilibaki vimening'ang'ania.
Cha pili kilimpokea.
Alisimama juu yake
muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji.

"Hiki. Lakini kiwe cheupe."
"Kipo cha rangi ya maziwa."
"Maziwa ya nani? Yaliyotiwa chai?"
Nikamfungulia kadi. Bila miwani,
akaweka kidole kwenye nyeupe ya mwisho kabisa,
ile ambayo huwa siwaonyeshi wateja.

Jipsamu alishinda, ingawa ngazi ni moja.
Taa za buluu zipo; jioni sebule inafanana na duka la simu.
Mvule umekuwa kizingiti, hilo alinipa.
Mafunjo yamefunika banda la kuku.
Kuku wanapumua.

Ijumaa iliyopita nilimpigia.
Subiri, akasema, napiga deki,
akaiacha simu wazi mezani.
Nikasikia mpini ukigonga mguu wa kiti,
ukigonga mguu wa meza,
maji yakikamuliwa,
na juu ya hayo yote pumzi yake, haina haraka,
ikitoka mahali pa juu.

Kawa tano hazipo ukutani.
Zinafunika wali.